Karatasi ya Siku Moja

Mjini Gisenyi, Rwanda, mpaka uko ndani ya mji. Anayeshuka kwenye basi la Kigali asubuhi na kutembea taratibu atafika Kongo kabla jua halijawa kali, na kama si sare za uhamiaji huenda asingejua kwamba ameacha nchi moja na kuingia nyingine. Nyumba zinafuatana, Kiswahili kinaendelea, Ziwa Kivu ni lilelile, na mlima Nyiragongo unaonekana kutoka kila upande.

Njia rasmi za kuvukia ndani ya mji ni mbili. Karibu na ziwa iko Grande Barrière, au La Corniche, penye barabara pana, magari ya mashirika yenye antena ndefu, na wageni walioshika pasipoti mkononi. Mwendo mfupi kuelekea kaskazini iko Petite Barrière, inayotazamana na Birere, mtaa wa soko wa Goma, mji wa upande wa Kongo. Kwa hesabu ya miguu, hii ndogo ndiyo kubwa. Kabla ya 2020 ilikuwa ikipitisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku, na ilitajwa miongoni mwa vivuko vyenye watu wengi kuliko vyote barani Afrika. Wengi ni wanawake. Wanakwenda na nyanya, karoti, kabichi, maziwa na viazi vya milimani. Wanarudi na vitenge, sabuni, au pesa tu zilizofungwa kwenye pindo la kanga. Kuna pia walemavu wanaosukuma baiskeli zao za magurudumu matatu zilizojaa magunia kuliko unavyodhani zinaweza kubeba, na wamejenga riziki yao yote juu ya mita hizo chache za lami.

Vitabu vya safari, hata vizuri, humwandikia mtu wa Grande Barrière. Sura hii nimeiandika kwa sababu naamini kazi ya kweli ya hati za kusafiria huonekana Petite Barrière, kwa mama anayevuka alfajiri na kurudi mchana, kesho tena, keshokutwa tena. Sheria za pasipoti na viza ziliwekwa kwa ajili ya mtu anayesafiri mara chache kwa mwaka. Mkutano wa Shirika la Mataifa uliofanyika Paris mwaka 1920, ule uliotupa kijitabu cha kurasa 32 tunachokijua mpaka leo, ulikuwa ukifikiria abiria wa treni za Ulaya. Mchuuzi wa mboga anayegongewa muhuri akitoka na muhuri akirudi angemaliza kurasa hizo kabla ya mvua za masika kwisha.

Tuanze na mgeni, maana habari yake ni fupi. Pasipoti iwe imebakiza angalau miezi sita na iwe na ukurasa mtupu. Rwanda tangu Januari 1, 2018 inampa viza raia wa nchi yoyote anapofika mpakani, bila kuomba mapema. Ya siku 30 ni dola 50 za Marekani. Raia wa nchi za Umoja wa Afrika, za Jumuiya ya Madola na za Francophonie wamesamehewa ada hiyo kwa siku 30. Novemba 2023, kwenye mkutano wa kimataifa wa utalii mjini Kigali, Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Mwafrika yeyote anaweza kuingia Rwanda bila kulipa kitu. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hupewa pasi ya mgeni ya miezi sita bila ada. Mkenya na Mganda wanaingia kwa kitambulisho cha taifa tu, kwa mapatano ya nchi tatu yaliyoanza kutumika Januari 2014. Mtanzania, ambaye nchi yake haikuingia katika mapatano hayo, aje na pasipoti au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Na wote waache mifuko ya plastiki nyumbani. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, na mpakani huivua bidhaa yako mfuko na kukuachia bidhaa.

Kuingia Rwanda, basi, ni rahisi. Ugumu uko ng'ambo. Kongo huwataka wageni wengi wawe na viza kabla hawajafika mpakani, ingawa Wakenya waliondolewa sharti hilo Septemba 2023. Inataka pia kadi ya njano, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kila aliyefikisha umri wa miezi tisa. Tangu Julai 2016 chanjo moja hutosha maisha yote, lakini cheti huanza kuhesabiwa siku kumi baada ya sindano, kwa hiyo chanjo ya jana haimsaidii anayevuka leo.

Kuna mtego mmoja ambao nawasihi wasomaji wauangalie. Tangu 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zinatoa viza ya pamoja ya utalii: dola 100, siku 90, kuingia na kutoka mara nyingi utakavyo ndani ya nchi hizo tatu. Kongo haimo. Anayevuka kwenda Goma kula samaki mchana ametoka nje ya nchi tatu, na viza yake imekufa. Atakaporudi jioni ataanza upya. Hivyo hivyo kwa mwenye viza ya Rwanda ya kuingia mara moja: mara hiyo moja ameshaitumia. Kabla hujakanyaga ng'ambo, muulize afisa wa upande unaouacha kama utaruhusiwa kurudi na kwa hati ipi. Swali hilo halina gharama, na maofisa wa Gisenyi wamezoea kuulizwa.

Sasa tuje kwa wenyeji, maana habari yao ni ndefu.

Mstari unaotenganisha miji hii miwili ulikubaliwa Brussels mwaka 1910, kati ya Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza. Wajerumani walibaki na Gisenyi, Wabelgiji wakabaki na Goma. Mstari ulipita katikati ya watu waliooana, waliodaiana mbuzi na kuzikana. Lakini haukukaa sana kama mpaka wa kweli. Mwaka 1916, vitani, majeshi ya Ubelgiji yaliingia Rwanda, na kuanzia 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Wabelgiji. Kwa zaidi ya miaka 30 Gisenyi na Goma zilikuwa chini ya mtawala mmoja, na mtu alivuka kama anavyovuka wilaya. Kongo ikapata uhuru Juni 30, 1960, Rwanda Julai 1, 1962. Kwa hiyo mpaka wa pasipoti hapa ni mdogo kwa umri kuliko wazee wanaouvuka. Wapo mabibi sokoni Mbugangari waliozaliwa kabla haujawa mpaka wa nchi mbili huru.

Nchi zenyewe mpya ziliona haraka kwamba zimekata kitu kilicho hai. Septemba 20, 1976, Juvénal Habyarimana wa Rwanda, Mobutu Sese Seko wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, na Michel Micombero wa Burundi walitia saini mkataba wa Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, inayojulikana kwa herufi zake za Kifaransa, CEPGL. Walitia saini hapa hapa Gisenyi, na makao makuu yakawekwa hapa hapa. Benki yake ya maendeleo ikapewa Goma. Mwaka 1985 nchi hizo zikasaini makubaliano ya watu, mali na huduma kupita kwa uhuru. Vita vya miaka ya 1990 viliizimisha jumuiya hiyo, ikafufuliwa 2007, na tangu hapo imekuwa ikiinuka na kulala kwa kadiri Kigali na Kinshasa zinavyoelewana. Lakini iliacha kitu kimoja ambacho watu walikishika kwa mikono miwili: lesepase ya CEPGL, hati nyepesi kuliko pasipoti, ya kuvukia katika nchi hizo tatu. Kwa Mkongo hasa ilikuwa nafuu kubwa. Pasipoti ya kielektroniki ya Kongo ilipoanza kutolewa mwishoni mwa 2015 iliuzwa dola 185, miongoni mwa pasipoti ghali kabisa duniani, hadi bei iliposhushwa kuwa dola 99 mwaka 2020. Mchuuzi ambaye mtaji wake wote ni karai la nyanya atazitoa wapi dola 185?

Hata lesepase ilikuwa nyingi kwake. Ndipo inapoingia jetoni.

Jetoni ni kipande cha karatasi. Mkazi wa Rubavu, wilaya ya mji wa Gisenyi, au wa Goma alifika kivukoni, akaonyesha kitambulisho, akapewa karatasi inayomruhusu kuvuka leo na kurudi leo, bila kwenda mbali zaidi ya mji wa pili. Mnyarwanda alionyesha kitambulisho cha taifa. Mkongo, kwa kuwa nchi yake kwa miongo mingi haikuwa na kitambulisho cha taifa cha kumpa, alionyesha kadi ya mpigakura. Nataka msomaji atue hapo kidogo. Kadi iliyotolewa ili mtu achague rais ndiyo iliyomruhusu kwenda kununua viazi nchi jirani, na ilifanya kazi. Maelfu kwa maelfu ya watu walipita kila siku kwa karatasi isiyo na picha, isiyo na chipu, kwa sababu maofisa wa pande zote mbili walikubaliana kuiheshimu na kwa sababu waliwajua wapitaji wao kwa sura. Yule mama wa maziwa anayepita saa kumi na mbili na robo kila asubuhi tayari ana hati nzuri kuliko zote: amekwenda na kurudi kwa miaka.

Wapo watakaosema utaratibu mwepesi hivyo ni mlango wa magendo. Magendo yapo, na Rubavu inawajua wahusika wake kwa jina la Kinyarwanda, abacoracora, wanaopita njia za panya usiku na mizigo mgongoni, na baadhi yao wamepigwa risasi. Lakini angalia ni lini njia za panya hujaa. Hujaa njia halali inapokuwa ghali au inapofungwa. Mtu mwenye jetoni hana sababu ya kuvuka gizani na kabichi.

Siwezi kuandika juu ya kitambulisho katika nchi hii bila kusema neno la 1994. Wabelgiji katika miaka ya 1930 waliwapa Wanyarwanda vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na serikali zilizofuata uhuru ziliviendeleza. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, vizuizi viliwekwa barabarani nchi nzima, Gisenyi pia, na mstari huo mmoja kwenye kadi ulitosha kumwua mtu. Baada ya mauaji mstari ukafutwa. Kitambulisho cha leo hakina kabila. Kwa Mnyarwanda aliyefikia umri wa kukumbuka, kumkabidhi mtu mwenye silaha karatasi yake na kungoja aisome ni jambo lenye uzito ambao mgeni hawezi kuupima. Ndiyo maana nasema hati lazima ziandikwe na watu wanaofikiria atakayezishika, na kwenye vizuizi zisimamiwe na watu waliofundishwa heshima.

Mwaka huohuo, katikati ya Julai, watu wanaokaribia milioni moja walivuka kutoka Gisenyi kwenda Goma ndani ya siku chache. Miongoni mwao walikuwamo waliouawa ndugu zao vitani, waliokuwa na hofu tu, na wauaji wenyewe pamoja na silaha zao. Novemba 1996 mamia ya maelfu walirudi kwa barabara ileile. Hakuna aliyegonga muhuri.

Tangu hapo kivuko kimefungwa na kufunguliwa mara nyingi, na kila mara aliyeumia kwanza ni yuleyule. Julai 2019 Ebola ilifika Goma kupitia msafiri aliyetoka Butembo. Agosti 1 Rwanda ilifunga mpaka, na ikaufungua tena siku hiyohiyo, baada ya pande zote kuona kilichotokea pale kivukoni ndani ya saa chache. Njia iliyobaki ilikuwa kunawa mikono, kupimwa joto na kuvuka. Ilitosha: Rwanda haikupata mgonjwa hata mmoja wa Ebola katika mlipuko ule, na soko halikufa. Naitaja hadithi hii kila ninapopata nafasi, kwa sababu ni ushahidi kwamba afya na riziki zinaweza kupita mlango mmoja.

Korona ilikuwa na mkono mzito zaidi. Machi 2020 watu walizuiwa, malori yakaruhusiwa. Wachuuzi wakajifunza kuunganisha mizigo yao, watu kumi au ishirini gari moja, na kumtumaini mpokeaji wa ng'ambo awauzie na kutuma pesa. Waliokuwa na mtaji na simu nzuri walivumilia. Aliyekuwa akiuza alichobeba kichwani, akanunua chakula cha jioni kwa faida ya mchana, hakuwa na cha kuunganisha. Rwanda ilifungua tena mipaka yake ya ardhini Machi 2022, na wachuuzi wakaanza kudai jetoni yao. Miezi mitatu baadaye, Juni 17, askari wa Kongo alivuka Petite Barrière akifyatua risasi, akajeruhi polisi wa Rwanda, na akauawa pale. Upande wa Kongo ukaamua kivuko kifungwe saa tisa alasiri. Saa tatu za jioni, zile ambazo watu wa Birere hununua mboga za usiku, zikaondolewa kwenye siku ya kazi ya watu ambao hawakufyatua chochote.

Mwishoni mwa Januari 2025 kundi la waasi la M23 lilishika Goma. Makombora yaliangukia Rubavu na kuua raia. Katika siku hizo Grande Barrière ilipitisha wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa na jamaa zao, ikapitisha raia waliobeba magodoro, ikapitisha pia mamluki zaidi ya 280 wa Romania waliokuwa wakisaidia jeshi la Kongo, waliopekuliwa, wakapandishwa mabasi hadi Kigali na kurudishwa kwao. Mtu wa vita mwenye pasipoti ya Ulaya alikuwa na safari iliyopangwa. Tangu wakati huo, msafiri ajue kwamba muhuri unaogongwa upande wa Goma unagongwa na utawala ambao Kinshasa haiutambui. Anayefikiria kwenda baadaye Kinshasa au Lubumbashi kwa pasipoti hiyo alipime jambo hilo kabla hajavuka.

Kuna usiku ambao hakuna hati inayoulizwa. Januari 17, 2002 Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya Goma, na watu kwa maelfu wakamiminika Gisenyi. Mei 22, 2021, jioni ya Jumamosi, ikalipuka tena. Wakati huo mpaka ulikuwa umefungwa kwa watu kwa sababu ya korona. Ulifunguliwa. Maelfu waliingia usiku ule na watoto mgongoni, na wengi wao walirudi asubuhi kuangalia kama nyumba imebaki. Hilo halikuwa hisani tupu. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi, wa Septemba 1969, unakataza kumrudisha mpakani mtu ambaye maisha yake yako hatarini, awe na karatasi au asiwe nayo. Mkataba huo ulifikiria vita na mateso, haukutaja lava, lakini maofisa wa Gisenyi waliuelewa usiku ule kuliko mawakili wengi. Wanaokimbia vita hupelekwa kituo cha mpito cha Nkamira, humo humo wilayani Rubavu, na hapo ndipo wanapoandikwa majina na kupewa karatasi yao ya kwanza.

Kwa hiyo lava inafungua mpaka, vita vinaufungua, na utalii unaufungua kwa dola. Linalobaki bila jibu la kudumu ni kabichi.

Na jibu si la kubuni. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022: ilikubaliwa Machi, ikasaini mkataba Aprili, ikawa mwanachama kamili Julai. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 2010, inatambua haki ya raia kupita kwa uhuru na inaziruhusu nchi zinazokubaliana kutumia vitambulisho vya taifa kuwa hati za kusafiria. Kenya, Uganda na Rwanda zimeshafanya hivyo. Ili Kongo ijiunge nazo inatakiwa kwanza iwape watu wake kitambulisho, kazi ambayo kwa mama wa Birere imechelewa kwa kizazi kizima, na inatakiwa vita viishe. Hayo mawili hayatatimia msimu huu wala ujao. Wakati yanangojwa, jetoni inaweza kurudishwa na kulindwa: iandikwe kwa kanuni inayojulikana pande zote mbili, itolewe bure, isifutwe kwa tangazo la usiku mmoja, na ikibidi kufungwa kwa ajili ya ugonjwa au risasi, itangazwe hapo hapo kivukoni, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, ni nani amefunga, kwa sababu gani na mpaka lini, ili mwenye maziwa ajue kama akamue au aache.